Waraka kwa wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki

Waheshimiwa,

Nina neno kuhusu Yukiko Ueno, mrushaji wa softiboli wa Japani.

Agosti 20, 2008, katika Olimpiki ya Beijing, alianza na Marekani. Mechi ya vipindi saba ikafika tisa, Japani ikafungwa 4-1. Siku hiyo hiyo akarudi uwanjani kuikabili Australia: vipindi 12, ushindi wa 4-3. Mipira 318 kwa siku moja! Kesho yake, katika fainali, akashika mpira tena, akawafunga 3-1 Wamarekani waliokuwa wameshinda mechi 22 mfululizo za Olimpiki. Jumla alirusha mipira 413. Kila mmoja mkono unazunguka duara zima kutoka begani, mpira unaachiwa karibu na nyonga, na mpigaji yuko mita 13 tu mbele yake.

Alipovishwa dhahabu, mlikuwa mmekwisha kuufuta mchezo wake. Singapore, Julai 2005: kura 52 kwa 52, na mjumbe mmoja hakuegemea upande wowote. Kura zilipolingana, mchezo ukatoka. Mjumbe yule namwomba, kwa adabu zote, akae atazame mipira ile 413 mpaka wa mwisho.

Ueno alikuwa na miaka 26. London hakucheza, wala Rio, na hakuna timu iliyomzuia, mlimzuia ninyi. Aliendelea kurushia timu ya kampuni mjini Takasaki, na Japani ikatwaa ubingwa wa dunia 2012 na 2014. Tokyo ilipompa nafasi, Julai 27, 2021, alikuwa ametimiza miaka 39 siku tano tu kabla. Alipumzishwa kipindi cha sita, akarudishwa cha saba kumaliza kazi: 2-0, tena dhidi ya Marekani.

Paris 2024 softiboli haikuwamo. Los Angeles 2028 itakuwamo, kwa sababu wenyeji wameiomba, kama walivyoiomba Wajapani. Yaani mrushaji bora akizaliwa leo, heshima yake itategemea mji gani umepata zamu ya kuandaa michezo. Hilo, waheshimiwa, si haki, nanyi mna uwezo wa kulirekebisha.

Basi msimtungie Ueno hotuba. Iwekeni softiboli katika orodha ya kudumu, na mpige kura hiyo kabla ya michezo ya Los Angeles kuanza. Safari hii kila mjumbe achague upande.

Wenu kwa heshima,
Mpenzi wa softiboli