Kesho Ukifika, Pita Ofisini Kwangu

Ofisi yetu hufungwa saa kumi na moja jioni. Mlinzi anapiga kufuli, anavuta kiti chake, basi. Kichwa changu ndicho kisicho na mlinzi. Mhasibu akikosa shilingi 3,500 kwenye hesabu, mimi hupanda nazo mwendokasi pale Kivukoni, husimama nazo hadi Kimara, na mezani huzila kwa wali.

Mke wangu ameshanizoea. Juzi kaniambia luku inakaribia kuisha, nikamjibu bila kuinua macho, "Andika dokezo, ambatisha risiti ya mwezi uliopita." Akaandika kweli, akalibandika kwenye jokofu: "Kwako Baba Watoto. Yah: Kuingia gizani leo usiku." Nilikuwa bado natafuta kumbukumbu namba umeme ulipokatika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Za kugaragara kitandani sidhani kama zimo. Zingekuwamo, ovataimu yangu ingeshanunua kiwanja Kibaha. Wafaransa wao, tangu Januari 2017, wameiagiza kampuni yenye wafanyakazi 50 na kuendelea ikae nao mezani kuzungumzia haki ya kuachana na simu za kazi baada ya saa za kazi. Huku kwetu ukizima simu, bosi anampigia mkeo.

Na bosi wangu haandiki mengi. Saa tatu usiku ujumbe ukaingia: "Kesho ukifika, pita ofisini kwangu." Salamu hakuna, sababu hakuna. Nikausoma chali, nikausoma kwa ubavu. Nikakumbuka masurufu ya safari ya Dodoma, nikakumbuka nilivyocheka kikaoni wakati wenzangu wamenuna. Kufika saa saba nilikuwa nimeshafukuzwa kazi, nimelipwa kiinua mgongo, nimehamia kijijini kufuga kuku wa mayai, na kuku wameshapata mdondo.

Asubuhi nikapita, macho mekundu, barua ya kujieleza iko mfukoni. Bosi akavuta mtoto wa meza, akatoa kadi ya mchango. Binti yake anaolewa.

"Jana nilisahau kukupa," akasema.

Wakubwa zetu, shikamooni. Mkituandikia usiku, malizieni na sababu. Kama ni harusi semeni tu. Mchango tutatoa, na usingizi tutapata.