Wifi, Tuje Lini?

Ukikaa Unguja na ndugu zako wakawa bara, wewe si ndugu tena. Ni ofisi ya utalii, tena ile isiyolipa mshahara. Hakuna anayekupigia kuuliza kama mtoto ameshapona homa. Simu ikiita nikaona jina la wifi yangu wa Dodoma, najua tutaanza na salamu ndefu, tutapitia magoti ya mama, halafu tutatua palepale: "Wifi, hivi mwezi gani mzuri kuja huko?"

Mwezi mzuri. Kana kwamba ninao kabatini, nimewaficha wenzangu.

Ukweli nimeshausema mara nyingi, ila ukweli wenyewe hautakiwi. Namwambia Januari na Februari hakuna mvua ya kusumbua, kaskazi inavuma, bahari nyangavu. Anafurahi, anaanza kuwaita watoto waje wasikie. Nikiendelea kwamba usiku hakulaliki, nasikia kimya upande wa pili. Lakini ndivyo kilivyo kiangazi chetu. Joto linapita nyuzi 30, hewa nzito, shuka linakunata mgongoni, na umeme ukikatika saa saba usiku, nyumba nzima inalala macho inaliangalia pangaboi linavyozunguka mizunguko yake ya mwisho. Disemba nayo ina embe, haki yake naipa, maana boribo zinamwagwa barabarani mpaka muuzaji anakubembeleza. Lakini mwisho wa Disemba ndipo wazungu wote wamekimbia baridi yao. Kaka alipotajiwa bei ya chumba Nungwi kwa usiku wa mwaka mpya, aliuliza kama hiyo ni ya kulala au ya kununua.

"Basi Julai," anasema wifi.

Julai sina la kuisema vibaya nikiwa nimekaa nchi kavu. Ni kipupwe, mvua chache, usiku unajifunika, na Makunduchi kuna Mwaka Kogwa, wanaume wanatandikana kwa migomba huku wanawake wakiwaimbia. Wifi angeipenda sana, yeye na ugomvi wa watu. Tatizo ni kwamba kati ya Dar na Unguja kuna bahari, na Julai bahari ina kusi. Boti inakwenda kama saa mbili hivi. Kuja si kubaya, upepo unakusukuma kwa nyuma. Kurudi ndiko unakoupasua uso kwa uso, na mhudumu anapita kati ya viti akigawa vifuko vya kutapikia kwa upole mkubwa, kama anagawa halua. Kaka yangu, mwanamume wa miraba minne, alikirudisha kifuko chake akasema yeye hahitaji. Yaliyofuata aulizwe abiria wa mbele yake.

Ndiyo maana nawaheshimu wageni wa zamani. Wale mabaharia wa Omani na Ghuba hawakuwa na maswali ya mwezi gani mzuri. Kaskazi ikivuma walitweka matanga wakaja na tende, ikigeuka kuwa kusi walipakia karafuu na boriti wakarudi kwao. Kati ya hapo walikaa, hata kama wenyeji wameshawachoka, maana jahazi haliwezi kuubishia upepo. Mama mkwe wa kaka bado anafuata ratiba hiyo. Anakuja Disemba na begi moja, anaondoka kusi ikianza, na hakuna anayethubutu kumwambia kwamba siku hizi kuna boti kila siku.

Lakini yote hayo, joto na upepo na bei, ni madogo mbele ya jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza. Maji. Watu wanachagua mwezi wa kalenda, ule wa angani hawana habari nao. Pwani yetu ya mashariki, Bwejuu, Paje mpaka Jambiani, ina kina kifupi hadi kwenye mwamba kule mbali. Bamvua ikiingia, siku za mwezi kuandama na siku za mwezi mpevu, maji yanapanda na kushuka hata kufikia mita nne. Na huku kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Saa nne, jamani! Mgeni kashaamka, kashakunywa chai, kashajipaka mafuta ya jua mpaka kwenye masikio, kavaa kofia aliyoinunua Kariakoo kwa ajili ya safari hii tu, anashuka pwani, bahari hakuna.

Wifi yalimkuta Paje. Nilimwomba aje wiki ya pili yake, wakati wa maji mafu, bahari haikimbii mbali hivyo. Akasema likizo ya kaka inaisha Jumatatu. Basi akasimama pale na boya la mtoto kiunoni, mbele yake mchanga na madimbwi mpaka upeo wa macho, mashua imelala ubavu, na wanawake wameinama kwenye vijiti na kamba zao wanafunga mwani. Kwao wao saa ile ndiyo ya kazi, maji yakitoka ndipo wanapoingia shamba. Mmoja akanyanyuka, akashika kiuno, akamtazama wifi juu mpaka chini, akamkaribisha kwa heshima zote: "Karibu, mama. Umekuja kutusaidia kufunga?"

Wifi akanigeukia mimi. "Imekwenda wapi?" Kwa sauti ya mtu aliyelipia.

Nikamwambia itarudi, saa kumi jioni itakuwa hapa miguuni petu.

"Na gari letu la kurudi mjini saa ngapi?"

Saa tisa.

Mpaka leo Dodoma wanasimulia kwamba wifi yao wa Unguja aliwapeleka kuangalia tope. Hapo watu watasema si mngekwenda Nungwi au Kendwa, huko maji hayatoki sana. Ni kweli, unaogelea saa yoyote. Turudi basi kwenye ile bei ambayo kaka alidhani ni ya kiwanja.

Kisha kuna Ramadhani, nayo haina urafiki na kalenda ya likizo. Inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo ushauri wangu wa zamani wote umeshaoza. Mwaka 2015 ilikuwa Juni na Julai, mwaka 2025 ikaangukia Machi. Mchana mjini migahawa imefunga, na mgeni anayetafuna chipsi Darajani saa saba adhuhuri atakodolewa macho mpaka zimkwame. Ila mimi mtu akiniuliza kwa moyo safi kisiwa hiki kitamu lini, nitasema usiku wa Ramadhani. Futari ya muhogo na samaki, mkate wa kumimina, watu wametoka tarawehe wanazurura bila haraka, watoto hawajui kulala. Wifi anasema yeye hawezi kusafiri kote huko kuja kuona usiku tu, usiku hata Dodoma upo.

Ukinibana sana nitakutajia mwisho wa Septemba. Kusi imeshachoka, vuli haijafika, joto halijaanza uhuni wake, na wale waliojaza hoteli Agosti wamerudi makazini. Nilimwambia wifi hivyo, nikaona nimemaliza kazi. Akacheka. Septemba shule zimefunguliwa, kaka hapati ruhusa, na mwenyewe ana kikoba anakiwekea mahesabu. Nani anakwenda likizo Septemba? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata siku moja hakuwa anauliza kuhusu upepo. Mwezi anao tayari, kapewa na mwajiri wa kaka na mwalimu mkuu wa watoto. Kwangu anatafuta muhuri tu.

Juzi kapiga tena. Salamu, magoti ya mama, kisha habari kubwa: wamepata! Pasaka, siku nne mfululizo, na hoteli ya ufukweni imewapunguzia bei karibu nusu. "Wifi, nimeshangaa! Sijui kwa nini watu hawaji wakati huo."

Nikamweleza kwa nini. Nikamwambia Pasaka yao mara nyingi inaangukia Aprili, na Aprili ndiyo kilele cha masika, mwezi ambao wastani wa mvua Unguja unapita milimita 300. Kwamba hoteli nyingine hufunga kabisa, wenyewe wakapiga rangi na kuziba mapaa. Kwamba mitaa ya Ng'ambo inageuka mito, na nguo nikizianika Jumatatu huzianua Alhamisi zikiwa mbichi na zinanuka. Nikamwambia hata ile hoteli kwenye simu yake, picha zimepigwa Februari.

Akanisikiliza mpaka mwisho, siwezi kumsingizia. Halafu akasema nisimtishe, mvua hata Dodoma inanyesha.