Kamanda na Ndoo ya Lita 10

Jumapili moja asubuhi nilikuta sikio la kushoto la Kamanda limeumuka. Nasema limeumuka kwa sababu sina neno jingine: usiku lilikuwa sikio, asubuhi lilikuwa kitumbua. Nililigusa. Lilikuwa la moto, laini, na ndani mlitikisika kitu kama yale maji ya mfuko yaliyokuwa yakiuzwa stendi. Kamanda akanitazama kwa jicho la mtu anayesubiri kuombwa radhi.

Kamanda ni mbwa wa nje. Hilo niliseme mapema, maana ndilo lililokuja kuharibika. Kwetu Kimara mbwa halali sebuleni. Analala kwenye banda lake karibu na geti, anakula ugali na vichwa vya dagaa, na chakula hicho anakilipia kwa kubweka usiku. Miaka 6 aliyokaa nasi alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti, hata siku ile ya mvua kubwa iliyoondoka na paa la banda lake.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshaujua ugonjwa. Jirani wa kulia alisema ni nyuki. Wa kushoto alisema ni nyoka, tena koboko, kana kwamba koboko huuma sikio kisha akaondoka kwa adabu. Fundi baiskeli wa pale kona alisema ni matubwitubwi, akajitolea kuyatoboa kwa spoku. Mzee wa nyumba ya nyuma hakutaja ugonjwa wowote. Aliegemea uzio, akatamka kwamba sikio la kufa halisikii dawa, akarudi ndani kunywa chai. Maneno hayo aliyarudia kila asubuhi kwa wiki 3, kwa sauti ileile, hata siku ambazo sikio lilikuwa linasikia dawa vizuri tu.

Mimi nilidharau spoku, lakini si wazo la kutoboa. Nikaenda duka la dawa, nikanunua bomba la sindano. Binti yangu akamshika Kamanda mkia, sijui kwa faida gani, nami nikavuta. Ilitoka damu nyekundu, ya kutosha kunitisha, na sikio likalala bapa kama chapati. Nikamwita mke wangu aje aone. Nilitembea uani mchana kutwa mikono nyuma, kama daktari bingwa anayekagua wodi. Ilipofika magharibi kitumbua kilikuwa kimerudi, kikubwa kuliko cha asubuhi.

Jumatatu tukapanda bajaji. Dereva alituangalia, akauliza, "Mzee, huyo mgonjwa analipa nauli ya mtu mzima?" Analipa.

Daktari wa mifugo ni kijana mwenye adabu: kwanza alinipa shikamoo, ndipo akanigombeza.

"Mzee, nani alimtoboa?"

"Watoto," nikasema.

"Ni baba," akasema binti yangu.

Basi akanieleza, huku analipapasa lile sikio kama mtu anayechagua parachichi. Katikati ya sikio la mbwa mna gegedu, na ngozi imelishika pande zote mbili. Mbwa akiwashwa hujikuna na kutikisa kichwa. Masikio hupigapiga kama khanga kwenye kamba wakati wa kusi, mishipa midogo ya ndani hupasuka, na damu hujikusanya kati ya ngozi na gegedu. Ukiivuta kwa sindano ukaishia hapo, mfuko unabaki, na mfuko hujaa tena. Ukiliacha lilivyo, damu inaganda, kovu linajivuta, na sikio linajikunyata kama masikio ya mabondia na wanamieleka wa siku nyingi. Ndiyo maradhi yao yaleyale, ila wao huletewa na wenzao. Nikauliza kama angalau ningempa kidonge cha maumivu, hivi vyetu vya kichwa. Akaniambia dawa za maumivu za watu zinaweza kumuua mbwa. Nikakumbuka kuwa nilikuwa navyo viwili mfukoni, nikakaa kimya.

Lakini swali lake kubwa halikuwa damu. Alitaka kujua kwa nini Kamanda alikuwa akitikisa kichwa. Akaingiza pamba kwenye tundu la sikio, ikatoka na uchafu mweusi mithili ya makapi ya kahawa. Utitiri wa masikioni. Akauliza, "Nyumbani kuna paka?" Paka hatuna. Tuna wa jirani wa kulia, anayekuja kumalizia dagaa kwenye bakuli la Kamanda, na baada ya mlo hulala wote wawili jua la saa 4, masikio yamegusana. Picha yao nilishaituma mimi mwenyewe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nikaandika chini yake kuwa wanadamu tujifunze. Kumbe nilikuwa nimepiga picha tukio la maambukizi.

Kamanda akachomwa sindano ya usingizi. Daktari akapasua upande wa ndani wa sikio, akatoa damu na mabonge, kisha akaanza kushona kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu utotoni, fundi wa magodoro ya sufi alipokuwa akipita mitaani: sindano inazama juu, inatokea chini, uzi unavutwa, fundo, ili sufi isikimbilie upande mmoja. Alilishona sikio kama godoro, ngozi ilale tena juu ya gegedu na damu ikose pa kukaa. Ile chale yenyewe hakuifunga.

"Itavuja siku chache, mzee. Usishtuke."

Alinificha jambo moja. Bomba likivuja, halitikisi kichwa.

Masharti yalikuwa matatu. Alale ndani, kwa sababu ya inzi, ambao wakipata kidonda hutaga. Avae kola ya plastiki asilikune sikio. Na nyuzi zisiguswe kwa siku 21. Kola za saizi yake zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo daktari akanielekeza: chukua ndoo, kata kitako, toboa matundu manne, ifunge kwenye mkanda wa shingo. Nyumbani ndoo iliyokuwa karibu ni ya lita 10, ya buluu, mpya. Ya mke wangu. Sitaeleza mazungumzo yaliyofuata.

Kamanda ndani ya ndoo alikuwa kiumbe mwingine. Alizoa mchanga, alikwama kwenye geti dogo, alitembea akigonga vigimbi vyetu kama toroli la sokoni. Akiinamia bakuli la maji, ndoo inalifunika lote, tunasikia tu sauti ya kunywa ikitoka kuzimu. Na kubweka! Ile ndoo ilikuwa spika. Akibweka mara moja, mbwa wa Kibamba wanajibu. Watoto wa mtaani walipanga mstari uzioni: "Mjomba, hilo dishi lako linashika mpira?" Mmoja aliuliza kama king'amuzi kimelipiwa.

Sasa, Jumatano yake ndiyo siku mama mkwe alikuwa anafika kutoka Tanga. Kwa heshima ya ujio wake nilikuwa nimepaka sebule rangi ya maziwa. Kamanda tulimfungia stoo, bila ndoo kwanza, ili apumzike. Mabegi yalipokuwa yanaingizwa mtu akaacha mlango wa stoo wazi, na mgonjwa akaja kusalimia. Akasimama katikati ya sebule. Nikaona bega limeanza kucheza. Nilisema "Kamanda, la!", lakini kichwa kilikuwa kimeshakwenda kulia, kushoto, kulia, na sikio nyuma yake.

Ukuta ulipata. Pazia likapata. Sharubati ya ukwaju ikapata. Tone moja lilitua kwenye miwani ya mama mkwe, kioo cha kulia. Alivua miwani taratibu, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena, akautazama ukuta.

"Baba," akaniambia, "humu ndani mmechinja?"

Nilidhani safari yake imeishia hapo. Badala yake alivua viatu, akauliza dawa ziko wapi. Bandeji ya daktari ilikuwa imedumu nusu siku. Yeye alichana khanga yake kuukuu, akalilaza sikio juu ya utosi, akazungusha kitambaa, akahakikisha vidole viwili vinapita chini yake ili mgonjwa asikabwe. Kipande alichochana kilikuwa na jina la khanga, na neno moja likaangukia katikati ya paji la uso wa Kamanda, herufi kubwa: HUNIWEZI. Akazunguka nalo nyumba nzima, ndani ya ndoo.

Mimi nilikuwa nampa tembe ndani ya ugali. Anakula ugali, tembe anaiacha sakafuni imesafishwa kama imetoka kiwandani. Mama mkwe alizitia ndani ya ini. Ini hilo lilikuwa kitoweo changu. Usiku wa nne alisema mbu wanamsumbua mgonjwa. Chandarua kilichokwenda stoo ni kile cha kitandani kwetu.

Utitiri nao haukumwacha mtu. Daktari alisisitiza kwamba paka asipotibiwa, Kamanda atawashwa tena, atatikisa tena, na tutarudi palepale. Jirani alikubali kwa moyo mweupe, akanikabidhi paka wake, akafunga mlango. Matone mawili ya dawa yalinigharimu mistari mitatu mkononi na sindano ya pepopunda kwenye zahanati, ambako muuguzi aliandika "paka" na kucheka wazi mbele yangu.

Siku ya 21, Jumatatu, nyuzi zilitolewa. Sikio limepona. Lina mikunjo kidogo, kama karatasi iliyofinyangwa ikanyooshwa, na halisimami tena wima. Limeinamia kushoto, hivyo Kamanda anaonekana muda wote kama bajaji iliyosahau kuzima indiketa. Mzee wa nyumba ya nyuma alilitazama kwa muda mrefu, akasema hakuwa anazungumzia sikio lile.

Mama mkwe amerudi Tanga. Hupiga simu kila Ijumaa kuuliza hali ya mgonjwa, na mgonjwa si mimi. Banda limebaki tupu, kuku wanataga humo. Kamanda analala sebuleni juu ya mkeka, chini ya ukuta ambao nimeupaka rangi upya mara mbili, na jioni akikosa ini anauacha ugali ulivyo. Geti likigongwa usiku, ananitazama mimi.

Ile ndoo bado ipo, haina kitako na ina matundu manne. Mwenye mbwa anayeihitaji apite Kimara aichukue bure, ila aje na nyingine nzima. Mke wangu bado anaidai.