Namna ya Kumtahini Anayemjua Mbuzi Kuliko Anavyojijua

Mtihani huu hauhitaji darasa. Unahitaji mtu mzima mmoja, fulana ya zamani nyeusi, kipande cha chaki, na mbuzi. Mbuzi ndiye wa lazima kuliko vyote, maana bila yeye mtahiniwa wako atasema hajui lolote na mchezo utaishia hapo.

Siku nzuri ni Iddi el-Hajj, au siku yoyote ya shughuli, mnyama akiwa ameshachunwa na ananing'inia kwenye tawi la mwembe. Tumbo likianza kupasuliwa, sogea karibu na yule anayeelekeza wenzake: "Hiyo nyongo, taratibu, ikipasuka nyama yote itakuwa chungu!" Kila ukoo unaye mtu huyo. Kwetu ni mjomba. Ananyoosha ncha ya kisu na kutaja: ini hili, bandama ile iliyogandamana na tumbo, figo hizi ndani ya mafuta, mapafu mpeni paka, utumbo upelekwe kwa kina mama wakauoshe. Hakosei hata kimoja.

Mwache amalize. Anawe mikono, anywe chai. Kisha mvalishe ile fulana, mpe mtoto mmoja chaki afuate kidole chake, na umuulize kwa adabu zote: "Mjomba, na ini lako wewe liko wapi?"

Mjomba aliweka kiganja kwenye kitovu. Akakiondoa. Akakipeleka ubavu wa kushoto na kukibana pale. "Hapa." Mtoto akachora duara kubwa jeupe. Nilipomwambia liko kulia, juu, limejificha nyuma ya mbavu, na kwamba la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, alijitazama ubavu kwa muda mrefu bila kusema neno. Hata la mbuzi liko kulia, kwa sababu upande wa kushoto umejaa tumbo kubwa la kucheulia. Lakini mnyama akishaning'inizwa kichwa chini, kulia na kushoto hupotea.

Ukifika hapo, usicheke. Watu wa kila mahali wanakwama papo hapo. Mwaka 2009 watafiti wa King's College London walichapisha matokeo ya kuwaonyesha watu zaidi ya 700 michoro ya mwili wachague ni upi ulioweka kiungo mahali pake. Walioujua moyo ulipo hawakufika nusu. Wengi wa wale watu walikuwa wagonjwa, wamo waliokuwa wakitibiwa kwa ajili ya kiungo kilekile walichoulizwa. Na kumchukua mnyama kuwa kipimo cha binadamu ni kosa la tangu zama za kale. Galen, tabibu mkubwa wa Roma, alipasua nyani na nguruwe, akaandika kwamba taya la chini la binadamu ni mifupa miwili. Watu walilikariri hilo zaidi ya miaka elfu moja, mpaka Andreas Vesalius akachapisha kitabu chake mwaka 1543 na kuonyesha kuwa ni mfupa mmoja. Kila mmoja alikuwa nao usoni, angeweza kuupapasa.

Sasa endelea na maswali. Usiulize idadi ya mifupa. 206 hujibiwa na kila aliyekariri sayansi ya shule ya msingi, na haijamsaidia mtu yeyote aliyeamka usiku na maumivu. Swali la mbavu liulize, kwa sababu lina faida: nani ana mbavu nyingi, mwanamume au mwanamke? Wazee wengi watasema mwanamume amepungukiwa mmoja. Wote wana jozi 12. Aliyezidi ni mbuzi, mwenye 13, na mjomba anaweza kwenda kuzihesabu pale mwembeni.

Swali la moyo ndilo litakalochukua muda. Kila mtu ataweka mkono chini ya chuchu ya kushoto, mahali wengine hushika wimbo wa taifa ukipigwa. Msogezee mkono, uuweke katikati ya kifua. Moyo umekaa nyuma ya mfupa wa kidari, una ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, na ncha yake tu ndiyo imeinamia kushoto. Ndiyo maana mapigo yanasikika zaidi upande huo. Akishalishika hilo, muulize: chembe cha moyo ni wapi? Atagusa palipo laini, pale mbavu zinapoachana juu ya tumbo. Sahihi. Muulize tena: hapo chini yake kuna nini? Atajibu moyo, si ndiyo jina lake?

Hapo kuna tumbo la chakula. Kiswahili kimepaita mahali hapo kwa jina la jirani wa juu, na ndiyo maana mtu mwenye kichefuchefu husema moyo unamchafuka. Kinachonitia hofu mimi ni upande wa pili wa jambo hilo. Maumivu ya moyo wenyewe, mshipa wa damu unaoulisha unapoziba, huweza kujitokeza hapohapo kwenye chembe, au kwenye taya, au begani na kushuka mkono wa kushoto, pamoja na jasho la baridi na pumzi fupi. Mgonjwa anasema ni vidonda vya tumbo, anaagiza dawa ya vidonda duka la jirani, analala. Mtu huyo alitakiwa kuwa hospitali dakika hiyohiyo. Swali hili likikuchukulia mchana mzima, usilalamike.

Mtahiniwa akichoka, mpe kikombe kingine, kisha mpe neno mshipa na umwambie aligawe. Atashangaa, kwa sababu neno hili kwetu linabeba mzigo wa maneno manne. Mshipa ni njia ya damu. Mshipa ni neva, ile inayopeleka habari kwenye ubongo. Mshipa ni ule uzi mgumu nyuma ya kisigino unaoukamata kwa vidole viwili. Na mwanamume akinong'ona kwamba ana mshipa, anazungumzia ngiri au korodani iliyojaa maji. Mzee anayemwambia daktari "mshipa unanivuta" amemtajia magonjwa ya aina nne kwa mkupuo. Mwache aguse kila mmoja: apime mapigo kwenye kifundo cha mkono, ajigonge kiwikoni mpaka vidole viingie ganzi, akamate ule wa kisigino. Vitatu hivyo avitaje kwa majina tofauti. Cha nne atakitaja faragha.

Figo hazichukui muda. Wengi huonyesha nyonga. Mkumbushe alizitoa wapi asubuhi kwa mikono yake: zilikuwa juu ya tumbo, kwenye mgongo. Zake nazo ziko nyuma, kila moja upande wake, sehemu ya juu imefunikwa na mbavu za mwisho, na ya kulia imeshuka kidogo kulipisha ini.

Tumbo sasa. Kwetu kila kilichoko kati ya chembe na kinena ni tumbo: la chakula, la uzazi, la kuhara, la mkojo. Mwambie mtoto achore mstari wa kusimama na wa kulala vikutane kitovuni, zipatikane sehemu nne. Nyongo iko juu kulia, chini ya ini. Bandama iko juu kushoto, imekingwa na mbavu, na wanaopata malaria mara kwa mara huweza kuvimba hapo. Kidole tumbo kiko chini kulia, na maumivu yake yana tabia ya kujifunza kwa moyo: mara nyingi huanza karibu na kitovu, na baada ya saa kadhaa huhamia kule chini kulia. Mtu anayejua kusema "yalianza hapa, sasa yako hapa" amemfanyia daktari nusu ya kazi.

Lipo swali la mwisho, nalo mjomba asiulizwe mbele ya watu. Liulizwe kati ya wanawake, shangazi na wapwa zake, milango ikiwa imefungwa. Na wanaume waulizane kwao, kwa sababu hata wao wameoa bila kulijua. Mwanamke ana matundu mangapi huko chini? Watu wazima wenye watoto watano hujibu mawili. Ni matatu: mkojo una njia yake, hedhi na mtoto vina njia yao, haja kubwa ina njia yake. Mji wa mimba usio na mimba ni mdogo kama parachichi changa, umekaa nyuma ya kibofu cha mkojo. Binti anayefundishwa kuita vyote hivyo "huku chini" akipata muwasho, au uvimbe, au damu isiyo ya siku zake, atasema anaumwa tumbo, na atapewa dawa ya tumbo. Somo na kungwi walikuwa na nafasi ya kuwapa wasichana majina haya. Shangazi wa leo bado wanayo.

Fulana ikishajaa chaki, usitoe maksi. Ifute, umwambie mtahiniwa achore upya mwenyewe bila kuulizwa. Mjomba alirudia mara tatu. Ya tatu, ini lilikaa kulia, nyuma ya mbavu, na moyo katikati.

Nawe ukifika zahanati, usimwambie mhudumu tumbo linauma ukanyamaza. Weka kidole kimoja panapouma, sema palipoanzia, sema palipohamia, sema ni tangu saa ngapi.