Namna ya Kuonekana Gwiji wa Fonti Bila Kutoka Jasho

Ndugu yangu wa Plymouth, Minnesota, nje theluji imefika magotini na kamati ya harusi inataka bango kesho asubuhi. Fonti umeipakua jana usiku na hujawahi hata kuifungua. Tulia. Watu humpima fundi kwa majina ya mafaili yake kabla hawajaiona kazi, na jina zuri ni kazi ya dakika moja.

1. Acha jina likusifie. Tangu Septemba 2016, Adobe, Apple, Google na Microsoft walipozitangaza fonti badilifu pale Warsaw, faili moja linaweza kubeba unene na upana wote wa familia nzima. Google Fonts wana utaratibu wao, nawe uchukue kama ulivyo: jina la familia, kisha mihimili, yaani sifa zake zinazoweza kubadilishwa, ndani ya mabano ya mraba. Mfano: NotoSans[wdth,wght].ttf. Hapo wdth ni upana, wght ni unene. Mihimili yenye herufi kubwa hutangulia, ya herufi ndogo hufuata, kila kundi kwa mpangilio wa alfabeti, mkato katikati, bila nafasi. Fonti ya mlazo inaandikwa NotoSans-Italic[wdth,wght].ttf. Atakayelisoma jina hilo ataamini umeichambua fonti mpaka mifupa.

2. Usilichape jina lote kwa mkono. Hapa ndipo wengi huumbuka mbele za watu. Kwenye terminali, mabano ya mraba yana maana yake: “herufi moja kati ya hizi”. Ukiandika [wght] bila kinga, sheli, yaani programu inayosoma amri zako, inatafuta faili lenye w, au g, au h, au t mahali hapo. Sheli ya Bash isipolipata hulipitisha jina kama lilivyo, basi unadhani mambo ni shwari. Zsh, ambayo Mac wanaitumia kama sheli ya kawaida tangu 2019, inagoma na kukwambia hakuna kitu kama hicho, na faili unaliona kwa macho yako! Lifungie jina ndani ya alama za nukuu. Njia fupi zaidi: andika NotoS, bonyeza Tab, sheli itamalizia yenyewe na kuweka mikwaju ya kinga kila inapohitajika. Mtu aliyesimama nyuma yako ataona vidole vyepesi tu. Ukipakua kwa curl na anwani ina mabano, ongeza -g, maana curl nayo huyachukulia mabano kuwa mfululizo wa namba au herufi.

3. Punguza mihimili, lakini jina lipe wewe. Bango halihitaji upana wa kila namna, basi uondoe kwa fontTools:

fonttools varLib.instancer "NotoSans[wdth,wght].ttf" wdth=100 -o "NotoSans[wght].ttf"

Ukiisahau -o, programu italibandika neno “partial” mwishoni mwa jina la zamani, na wdth itabaki ndani ya mabano ilhali mhimili wenyewe umeshaondolewa. Jina la namna hiyo linadanganya, na mwenzako atakayelipokea atapoteza jioni nzima akiutafuta upana. Usimfanyie hivyo.

4. Weka hadithi moja mfukoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Taasisi ya Usanifu ya Chuo Kikuu cha Minnesota iliwaagiza LettError, yaani Erik van Blokland na Just van Rossum, fonti ya Minneapolis na Saint Paul. Wakatoa Twin, fonti ambayo herufi zake ziliweza kubadilika kufuata joto na baridi ya miji hii miwili. Na Just van Rossum huyohuyo ndiye aliyeanzisha fontTools, chombo ulichotumia sasa hivi hapo Plymouth. Msimulie mjomba wa bibi harusi wakati bango linachapwa. Atakutazama kwa macho mengine, na anayo haki, maana hadithi ni ya kweli.

5. Usiandike “mwisho_kabisa_2”. Namba ya toleo inakaa ndani ya fonti yenyewe. Na ukiifunga mihimili yote kwa ajili ya mteja, ongeza --update-name-table, ili jina linaloonekana kwenye menyu ya programu yake libadilike pia. Sharti ni moja tu: ndani ya fonti kuwe na jedwali la STAT, linalobeba majina ya mihimili. Mteja halijui jina la faili. Anachokiona ni menyu.