Sifa za Ushuru wa Forodha

Naandika kuusifu ushuru wa forodha, na najua naandika nikiwa wapi. Hapa Frere Town, Mombasa, hatua chache kutoka soko la Kongowea, ni nadra kupata nyumba isiyo na kisa chake. Kuna aliyeachiwa kontena baada ya gharama za kulihifadhi bandarini kupita thamani ya mzigo. Kuna aliyenunua gari mnadani Japani kwa bei ya kuchekelea, likamtoa machozi Kilindini. Bughudha hiyo ni ya kweli. Hata hivyo nasema yafaa kuvumiliwa, na sehemu yake yafaa kupendwa.

Mtazame seremala wa Kisauni anayeunda makochi na makabati kando ya barabara. Hununua mbao, sponji, kitambaa, gundi na vanishi, kisha hushindana na kochi lililotoka katika kiwanda cha China ambako mashine hazilali. Tuseme kochi hilo limefika bandarini na thamani ya shilingi 100,000, nauli ya meli na bima zikiwa ndani. Fanicha itokayo nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa asilimia 35, yaani shilingi 35,000. Halafu VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya hizo 135,000, ikaongeza 21,600. Kabla mwenye duka hajatia faida yake, kochi limeshapita 156,000, na tozo ya reli bado. Katika pengo hilo la bei ndimo fundi wetu anamopatia riziki, yeye na kijana anayempigia msasa. Pengo likizibwa, kijana yule hana pa kujifunzia kazi, kwa kuwa ufundi wa mbao hauhifadhiki kabatini ukingoja siku njema.

Mpango wenyewe umewekewa ngazi kwa akili. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulipoanza kazi tarehe 1 Januari 2005, malighafi ziliwekwa asilimia 0, bidhaa za kati asilimia 10, na zilizokamilika asilimia 25. Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, asilimia 35, na fanicha ikapandishwa humo. Anayeleta mzigo ambao bado una kazi ya kufanywa hapa hupunguziwa. Anayeleta uliokwisha kufanyiwa kazi kwingine hulipa zaidi. Ndiyo maana sehemu za magari huingia bila ushuru zikaunganishwe Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, ilhali gari zima hutozwa.

Pwani hii imeshawahi kuishi bila uwezo wa kujipangia ushuru. Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said alitia saini mkataba na Marekani uliofunga ushuru wa mizigo yao kwenye asilimia 5, na mwaka 1839 Waingereza wakapata masharti kama hayo. Shehena za vitambaa vya merikani zikamiminika kutoka viwanda vya Massachusetts. Huu ulikuwa upwa ambako nguo zilizofumwa Pate zilisifika enzi za Wareno, na ambako msafiri Ibn Battuta aliikuta Mogadishu, mwaka 1331, ikisafirisha nguo zake hadi Misri. Sisemi mkataba peke yake ndio uliowamaliza wafumaji. Nasema mtawala aliyetaka kuwapa nafasi ya kupumua alikuwa ameshafungwa mikono kwa karatasi. Hamu ya serikali za leo ya kushikilia viwango vyao wenyewe naielewa vizuri nikikumbuka hilo.

Sababu nyingine ni fedha taslimu. Karibu theluthi moja ya makusanyo ya mamlaka ya mapato, KRA, hupitia forodha. Kumfuata kila mwenye kibanda kutoka Likoni hadi Changamwe ni kazi ngumu na ghali. Meli ina gati moja, na mzigo hautoki mpaka ulipiwe.

Nisingekuwa mkweli nikiishia kwenye sifa. Anayelipa ni mnunuzi, na maskini huumia kuliko tajiri. Sukari ya nje hutozwa asilimia 100, na kwa miaka zaidi ya ishirini Kenya iliiomba jumuiya ya kibiashara ya COMESA iiongezee muda wa kuwekea mipaka sukari ya wanachama wenzake ili viwanda vya ndani vijirekebishe. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipewa muda mrefu hivyo, na mwaka 2019 ikaishia mikononi mwa meneja mrasimu. Kinga isiyo na siku ya mwisho humzoesha mwenye kiwanda kuuza kwa bei anayotaka, na mkulima wa miwa asilipwe.

Tena kinga ya mmoja ni mzigo wa mwingine. Mwaka 2023 klinka ya saruji kutoka nje iliwekewa tozo ya asilimia 17.5. Wenye tanuri za kuichoma walifurahi, wenye kusaga tu wakalalamika, na mjenzi wa Kisauni hakuulizwa. Seremala naye hakuulizwa ukataji miti katika misitu ya umma ulipopigwa marufuku mwaka 2018, hata akategemea zaidi mbao za Tanzania, Uganda na Kongo. Kitambaa cha kochi kwa forodha ni bidhaa iliyokamilika, kwa hiyo hutozwa hivyo. Kwa fundi ni malighafi. Anakingwa kwa mkono mmoja na kutozwa kwa mwingine.

Kwa hiyo bajeti ya Juni isomwapo, nataka mambo mawili. Kila ushuru unaopandishwa utangazwe pamoja na mwaka utakaoanza kushuka, na kiwanda kinachokingwa kionyeshe hadharani kimeajiri wangapi. Na fundi wa kando ya barabara, ambaye hana chama cha kumsemea Nairobi, ashushiwe kitambaa, sponji na gundi hadi asilimia 0, huku kochi lililokamilika likibaki kwenye 35.