Vigezo na Masharti Kuzingatiwa

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ushindani.

YAH: KUTAMBULIWA KWA UPEPO WA MOMELLA KAMA MWEKEZAJI

Ndugu Mkurugenzi, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi moja niliipeleka familia Hifadhi ya Taifa Arusha kupiga makasia katika Momella Ndogo. Safari nzima nilishailipia kampuni moja ya hapa mjini. Tulipofika ziwani, upepo ulikuwa umetutangulia. Maji yanachafuka, viboko wamo, na mwongozaji akasema mtumbwi haushuki leo. Nampongeza sana, mtumbwi ukipinduka mbele ya kiboko, hakuna wa kumwonyesha risiti.

Kazi ilikuwa kwenye simu, nilipoiomba kampuni irudishe pesa. "Mzee, hairudishwi. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Masharti yenyewe niliyasoma jioni, maandishi madogo kama msururu wa sisimizi. Mteja akighairi ndani ya saa 48 kabla ya safari, pesa imekwenda. Hilo nalikubali. Mwenye mitumbwi mitatu amekataa wateja wengine kwa ajili yangu, ada za hifadhi keshazilipa kwa kontroo namba, halafu nimtie hasara kwa kuwa shemeji yangu ameamka na mafua? Hapana. Lakini kampuni ikighairi yenyewe, pesa imekwenda vilevile. Mvua, upepo, gari kugoma, yote ni mapenzi ya Mungu, na Mungu, ukiyasoma vizuri masharti yale, ana hisa katika kampuni.

Niliomba angalau pesa ya chakula cha mchana, maana maboksi tuliyaona kwa macho yetu yakirudi mjini na gari. Nikajibiwa kwamba chakula nacho kimeathiriwa na upepo. Ruhusa ya kuhamisha tarehe nilipewa, kwa ada ya kuhamisha tarehe. Nafasi zilizobaki zote zilikuwa za Aprili, katikati ya masika.

Naomba busara hii ienezwe nchini. Tuanze na konda wa kifodi cha Usa River. Huyu tunamwita mhuni kila asubuhi, lakini gari likimzimikia Tengeru anawafaulisha abiria kwenye gari lingine na kuwalipia, au anarudisha nauli huku akinung'unika. Hana tovuti, hana mwanasheria. Apelekwe semina! Afundishwe kuwaambia abiria kwamba injini kuzima ni tukio la asili, na nauli yao itatambuliwa Aprili. Kamati za harusi zifuate: bibi harusi akighairi, michango ihamie kwenye harusi ijayo ya bwana harusi huyohuyo, ndani ya miezi 12, isipokuwa msimu wa sikukuu.

Najua zipo pingamizi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, iliyoizaa Tume yako, inamkataza mfanyabiashara kumhadaa mlaji. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, nayo inataka mkataba ukibatilika kwa kuwa hautekelezeki tena, aliyekwisha kupokea faida airudishe. Lakini walioziandika sheria hizo hawakuwahi kuuona upepo wa Meru ukiwa kazini. Haudai mshahara wala haukati leseni. Unavuma mara moja, saa nne asubuhi, na mapato ya safari nzima yanaingia bila kasia kulowa. Mwekezaji wa namna hiyo tunamwachaje azurure bila cheti?

Ikiwa ombi hili ni kubwa mno, naomba dogo. Masharti ya kughairi yaandikwe kwa Kiswahili, juu ya namba ya kulipia, na sentensi ya kwanza iseme kampuni ikighairi nani anabeba hasara. Mteja akikubali kuubeba upepo mwenyewe, aubebe akijua.

Nimeambatisha risiti. Nakuomba uirudishe ukishaisoma, ingawa najua si desturi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mlaji aliyeliwa,
Tengeru.